Jana Tumepigwa Vibaya

Ujumbe uliingia Alhamisi, Oktoba 12, 2023, kama saa mbili asubuhi. Nilikuwa mwaloni Kibirizi nimeinamia beseni la dagaa, mikono imelowa, simu ikatetemeka mkobani. "Ma'mdogo, jana tumepigwa vibaya sana." Basi. Salamu hakuna, maelezo hakuna. Aliyeandika ni mtoto wa marehemu dada yangu, yuko Edmonton, Kanada, na kwa miezi mingi kabla ya hapo sikuwa nimepata kwake zaidi ya "poa" na kidole gumba.

Nikaacha dagaa wangu. Napiga, haipokelewi. Napiga tena. Kichwani namwona kalala chini, damu, polisi wa Kizungu wamemzunguka. Mama mmoja tunayeanika naye akaniuliza nina nini, nikamjibu wamempiga mtoto wa dada, na kabla sijafunga mdomo mwalo mzima ulishajua kwamba huko Ulaya (kwetu kote huko ni Ulaya) wamempiga mtoto wa Kigoma. Mzee mmoja wa mizani akavua kofia kabisa.

Alipopokea alikuwa anatafuna kitu.

"Nani kawapiga?"

"Vancouver."

"Vancouver ndiyo nani?"

"Timu, ma'mdogo. Hoki. Oilers tumepigwa nane moja."

Nilimpa maneno yake, siyaandiki hapa. Kisha, moyo ukiwa bado unakwenda mbio, nikauliza swali ambalo mtu yeyote aliyezoea kelele za uwanja wa Lake Tanganyika angeuliza: "Nane? Kwani golikipa alikuwa wapi?" Akacheka. Akaanza kunieleza golikipa alikuwa wapi, mabeki walikuwa wapi, na kwa nini kocha hajui anachofanya. Tukaongea dakika ishirini na mbili. Najua kwa sababu niliangalia baada ya kukata. Tangu dada afariki tulikuwa hatujafikisha hata tano.

Dada aliolewa na Mkongo wa upande wa Baraka, mmoja wa wale waliovuka ziwa mwaka 1996 vita ilipowaka. Wakaishi kambi ya Nyarugusu, Kasulu, na mwaka 2010 wakapata safari ya Kanada. Kijana alikuwa na miaka tisa. Dada akafariki hukohuko Januari 2021, akazikwa hukohuko, sisi huku Gungu, kwa mama yetu, tukakaa matanga siku tatu bila jeneza. Baada ya hapo simu zikawa fupi. Mimi nikipiga, nalia. Yeye akisikia nalia, mtandao unasumbua. Baba yake ni dereva wa malori, leo yuko huku kesho yuko kule, kwa hiyo kijana muda mwingi alikuwa peke yake na televisheni yake, anarudi kutoka kazini ghalani, anavua koti, anawasha hoki.

Mimi hoki niliyoijua ni ile ya magongo ya shuleni, tena kwa picha. (Na gongo hapa kwetu ni kitu kingine kabisa, tusiingie huko.) Hii ya kwao wanacheza juu ya barafu, wamevaa viatu vyenye visu chini. Uwanja ni kama ukumbi mkubwa wa harusi uliomwagiwa maji yakaganda: mita 61 kwa 26 hivi, umezungushiwa ubao na vioo ili watu wasivunjwe meno. Kila timu ina watu sita ndani, golikipa akiwa mmoja wao. Kinachopigwa si mpira wa duara, ni paki, kidude cheusi cha mpira mgumu, bapa, ukubwa wa kopo la Kiwi. Uzito wake gramu 160 na kitu, yaani robo kilo haifiki, lakini wanakigandisha kwanza ndipo wanakipiga, na kikikupata mahali pabaya unalala. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika ishirini. Anayefanya rafu anatolewa dakika mbili, anakaa kwenye kibanda chake pembeni, peke yake, huku wenzake wanateseka wakiwa pungufu. Ngumi zipo pia. Waamuzi wanawaacha kwanza wapigane, wakichoka ndipo wanawatenganisha na kuwapa dakika tano kila mmoja kibandani, kama watoto wa chekechea.

Jina Oilers, timu ya Edmonton, maana yake watu wa mafuta, kwa sababu mkoa wao, Alberta, ni wa visima vya mafuta. Walikuwa wafalme zamani. Vikombe vitano, kuanzia 1984 hadi 1990, na mchezaji wao Wayne Gretzky, ambaye huko ni kama alivyokuwa Pelé kwingine. Mwaka 1988 wakamuuza Los Angeles. Kijana wangu hakuwa hata amezaliwa, lakini alinisimulia kwa uchungu kama kauzwa jana, na baba yake ndiye aliyesaini.

Sasa hesabu ya saa. Mechi ya nyumbani kwao wakati wa baridi inaanza saa moja jioni. Kwetu hapo ni saa kumi na moja alfajiri, saa ileile mitumbwi inarudi. Kama ingekuwa saa nane usiku nisingewafuatilia hata wiki moja, sina mapenzi ya aina hiyo. Lakini mimi saa kumi na moja niko macho kila siku ya giza, mwezi usipowaka na dagaa wanapovuliwa kwa taa, nimejifunga khanga mbili, nasubiri boti zifike nione wamepata au wametoka kapa. Kwa hiyo mitumbwi inaingia, na matokeo yanaingia.

Na mwanzoni yalikuwa matokeo ya kusikitisha. Timu iliyoanza msimu ikitajwa kuwa itabeba kombe ilicheza mechi 13 ikashinda 3. Novemba wakafungwa na San Jose, timu iliyokuwa mkiani kabisa, na Novemba 12 kocha Jay Woodcroft akafukuzwa. Nikamwambia kijana, hayo tunayajua, hata huku timu ikifungwa mbili kocha anaanza kufungasha. Akaja Kris Knoblauch, mtu mpole ambaye aliwahi kumfundisha nyota wao Connor McDavid akiwa bado chipukizi. Mimi nikasema ameletwa kwa sababu ya nyota. Kijana akakasirika, akanyamaza siku mbili. Nikajifunza kwamba hata shabiki anayeitukana timu yake asubuhi na jioni hapendi mgeni amsaidie kutukana.

Jambo lililonigusa mapema lilikuwa namna wanavyobadilishana. Mchezaji wa hoki haingii akakaa. Anaingia, anakimbia kama kichaa sekunde arobaini, hamsini, halafu anaruka ubao anatoka na mwingine anaruka anaingia, mechi ikiendelea, hakuna kuomba ruhusa. Kijana akaniambia anayeng'ang'ania kubaki ndani ndiye anayefungisha, kwa sababu miguu imekwisha ila yeye hajajua. Hilo lilinikaa. Kwetu dagaa wakija wengi, wanawake tunajiua. Tunabeba beseni kutoka majini hadi kwenye vichanja kuanzia alfajiri, tunamwaga, tunatandaza, kila mtu anataka aonekane hachoki. Saa nne mvua ikitishia hakuna mwenye nguvu ya kukimbia na turubai, na dagaa aliyeloweshwa akiwa nusu mkavu ni wa kulisha kuku. Desemba ile nikawaambia wenzangu saba tugawane: watatu wabebe, wanne wakae, beseni kumi kisha tubadilishane. Walinicheka. Mmoja akaniuliza kama na mimi nimekuwa Mzungu wa barafu. Tulijaribu wiki mbili, ikatusaidia siku moja ya mvua kubwa tukaokoa karibu mzigo wote, halafu mmoja akaanza kukaa zamu mbili mfululizo kwa kisingizio cha mgongo, ugomvi ukazuka, mpango ukafa. Sekunde hamsini za Wazungu zina mwamuzi na kamera. Zetu zilikuwa na mimi tu.

Lakini Desemba hiyohiyo mambo yalibadilika kwao. Kuanzia tarehe 21 wakaanza kushinda, wakasahau kuacha. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita, wanashinda. Hadi Januari 27 wakawa wameshinda mechi 16 mfululizo, moja tu pungufu ya rekodi ya ligi, 17, iliyowekwa na Pittsburgh Penguins msimu wa 1992/93. Mwaloni nikawa mtu maarufu. Nashuka tu mteremko, vijana wanapiga kelele: "Mama Barafu, wameshinda?" Nikiinua kidole gumba wanashangilia, hata jina la timu hawalijui. Kisha nikagundua wanashangilia nini. Kampuni za kubeti zinaweka hata hoki, na kuna kijana wa mashine alikuwa anaiweka Oilers kwenye kila mkeka wake. Alinunua viatu. Akanunua redio. Februari 7 alfajiri yetu, timu ikitoka mapumziko marefu, ikacheza na Vegas kutafuta ya 17, ikafungwa tatu moja. Yule kijana hakunisemesha hadi Pasaka, kama vile mimi ndiye nilikuwa golini.

Kwangu mimi Januari ile haikuwa sherehe. Mvua zilinyesha bila adabu, ziwa likapanda, mahali tulipokuwa tunaanika mwaka juzi sasa pana maji. Nikimwambia kijana kwamba mzigo umeoza ananiuliza maswali: kichanja kiko umbali gani na maji, mnafunika na nini, mbona hamtumii tanuri. Zamani ningemwambia mzigo umeoza angesoma hapo ombi la fedha, na kusema kweli huenda lingekuwamo. Sasa ananieleza McDavid kapiga pasi gani, namweleza bei ya beseni imefika wapi, na hakuna anayemwomba mwenzake kitu.

Aprili ligi ya kawaida ikaisha. Mechi 82, hebu fikiria, 82! Simba na Yanga wanacheza 30 tu za ligi na watu wanalazwa kwa presha. Nadhani ndiyo maana shabiki wa hoki ana roho ya mvuvi. Ukifungwa leo, kesho kutwa kuna nyingine, hakuna wa kukimbiza kwa mawe. Oilers walishinda 49, wakapata pointi 104, wale waliokuwa wameshinda 3 kati ya 13. McDavid alifikisha pasi za mabao 100 kwa msimu mmoja, mtu wa nne tu katika historia ya ligi hiyo, baada ya Gretzky, Mario Lemieux na Bobby Orr. Kijana alinitumia kipande cha ile pasi ya mia mara tatu, kana kwamba mara ya kwanza sikuitazama vizuri. Na kweli sikuitazama vizuri, kwa sababu ambayo nitaieleza.

Mei 15, 2024 serikali ikafunga Ziwa Tanganyika miezi mitatu ili samaki wazaliane, hadi Agosti 15, na nchi jirani zikafunga pia. Sina ugomvi na hilo, dagaa walikuwa wamepungua kila mtu akiona. Ila unaamka saa kumi na moja kwa mazoea, unatoka nje, ziwa ni jeusi tupu. Kwa kawaida usiku wa giza ziwa letu lina taa kuliko mji. Nikaingia kwenye mawese: nachukua madumu Mwandiga, napima kwa chupa Kibirizi na Gungu. Nilipomwambia kijana, simu ilikaa kimya kidogo, halafu nikasikia anacheka hadi anakohoa. "Ma'mdogo, sasa wewe ndiye Oiler kamili. Unauza mafuta."

Na hapo ndipo hatua ya mtoano ilikuwa imepamba moto, na mimi nina usiku mrefu usio na kazi. Akaanza kunipigia kwa video. Anaweka simu juu ya kopo mbele ya televisheni, anakaa nyuma yake, nasikia sauti yake bila kumwona, namwona tu mtangazaji na barafu. Mimi nimejifunika shuka kitandani na bando langu la usiku. Sasa naungama: paki sikuiona. Msimu mzima, hadi leo, sijawahi kuiona kwa macho yangu ikiingia golini. Kwenye kioo cha simu yangu, chenye ufa, ni kinukta kisichokuwapo. Nilijifunza kufuatilia kwa njia nyingine, kama unavyojua samaki walipo usiku. Humwoni samaki, unaona maji yanavyocheza. Wakigeuka wote upande mmoja, paki iko huko. Golikipa akipiga magoti, inakuja. Watu wakisimama, imeingia. McDavid peke yake ndiye niliyemtambua bila shida, kwa sababu wengine wanakimbia na yeye anapita kama kambale mkononi.

Waliwatoa Los Angeles katika mechi tano. Kisha Vancouver, walewale wa nane moja. Mfululizo ule ulikuwa wa kuuma kucha, timu inayofika ushindi wa nne ndiyo inayosonga. Golikipa Stuart Skinner, mzaliwa wa Edmonton palepale, alivurunda akawekwa benchi mechi mbili, mbele ya watu wa mtaani kwao, halafu mechi ya sita akarudishwa. Nilimpenda yule kijana kuliko McDavid. McDavid anazaliwa vile. Kurudi golini mbele ya jirani zako waliokuzomea wiki iliyopita, hicho ni kitu kingine. Mechi ya saba, Mei 21 saa kumi alfajiri kwetu, tukaongoza tatu bila, wakarudisha mbili, tukashikilia hivyo hivyo hadi filimbi. Nilipiga ukelele jirani akagonga ukuta.

Nilisema nitaeleza kwa nini sikuwa natazama vizuri. Kati ya kipindi na kipindi kuna mapumziko ya dakika 18. Mashine inapita kulainisha barafu, polepole, inazunguka na kuzunguka, na hakuna cha kutazama. Mimi nilikuwa naisubiri mashine ile kuliko mechi. Kijana angetoka nyuma ya simu, angeishika mkononi, ningeuona uso wake. Na tungeongea. Mwanzo mambo ya juu juu, amekula nini, mbona ndevu (alikuwa anafuga kwa sababu wachezaji hawanyoi wakati wa mtoano, alionekana kama mchungaji mchanga). Kisha siku nyingine mambo ya kazini. Siku nyingine binti aliyemwacha. Akichoka kuongea anasema, "Haya, wanarudi," anaweka simu kwenye kopo, na uso unaondoka.

Mei 24 alfajiri walicheza na Dallas, mechi ya kwanza ya nusu fainali. Mbili mbili. Muda wa nyongeza, dakika ishirini nyingine, hakuna bao. Mapumziko tena. Kulishaanza kupambazuka huku, na Kigoma jua linachelewa, kwa hiyo jua mwenyewe tulivyokuwa tumekesha. Mashine ikaanza kuzunguka. Akaniambia, bila kuniangalia:

"Ma'mdogo, unakumbuka siku mama alipofariki uliniuliza kitu?"

Sikukumbuka. Siku ile nilisema mengi.

"Uliniuliza, mtamleta lini."

Nikakumbuka. Niliuliza hivyo, ndiyo. Mtu akifia mbali ndugu wanauliza analetwa lini, ni neno linalotoka lenyewe, kama pole. Yeye alikuwa na miaka ishirini. Baba yake alikuwa barabarani. Alikwenda kuuliza gharama ya kusafirisha mwili peke yake, akaambiwa, akarudi nyumbani, akahesabu alichonacho. Na kila nilipopiga baada ya hapo, kila nilipolia, alisikia swali lilelile. Miaka mitatu na kitu alikuwa anadhani sisi huku Gungu tunamsubiri alete, na kwamba nalia kwa sababu hajaleta.

Nikamwambia mwanangu, mimi niliuliza tu. Nikamwambia hakuna aliyemsubiri. Nikamwambia bibi yako alisema siku ileile kwamba mtoto asisumbuliwe. Sijui nilisema mara ngapi. Yeye alikuwa amefunika uso na fulana ya timu, ile ya rangi ya chungwa, na simu imeelekea dari. Ndipo nikasikia kelele. Kelele za ukumbi mzima kunyamaza, kama unajua ninachosema, na watu wachache wakilia kwa furaha katikati ya ukimya. Mechi ilikuwa ugenini. Akageuza simu haraka. McDavid amefunga, sekunde ya 32 tu tangu warudi, mechi imekwisha, na sisi wawili hatukuona.

"Tumeshinda," akasema, anajifuta.

"Nani kafunga?"

"Sijui, ma'mdogo. Ngoja warudie."

Dallas wakatolewa mechi ya sita, mechi ambayo Oilers walipiga golini mara 10 tu na wenzao 35, Skinner akazuia zote isipokuwa moja. Nilimwambia kijana, unaona mtu wangu.

Fainali ilikuwa na Florida Panthers. Ndiyo, Florida, kwenye joto na minazi, ndiko kuna timu ya barafu nzuri kuliko ya watu wanaozaliwa kwenye theluji. Nilichekea hilo mechi ya kwanza tu. Wakatufunga tatu bila, kisha nne moja, kisha nne tatu. Wakibakiza ushindi mmoja. Kijana akaniambia timu iliyowahi kufungwa mechi tatu za kwanza za fainali na bado ikabeba kombe ni moja, Toronto, mwaka 1942. Aliniambia ili tujiandae kulala mapema.

Usiku wa kuamkia Jumapili ya Juni 16, saa tisa, mechi ya nne. Bao la kwanza, la pili, la tatu. Nikaanza kuhesabu kwa vidole juu ya shuka. Ilipokwisha ubao ukasoma nane moja, safari hii sisi ndio tuliopiga. Nilikaa kitandani nikauangalia. Hakuna kati yetu aliyesema kitu kwa muda, halafu wote wawili tukasema pamoja: "Jana tumepigwa vibaya." Mume wangu akaamka akauliza nani kapigwa.

Oilers wakashinda na ya tano, tano tatu, palepale Florida. Wakashinda ya sita nyumbani, tano moja. Tatu tatu. Mji wa Edmonton ulijaa barabarani, kijana alikwenda kusimama nje ya uwanja na maelfu wengine akanionyesha vichwa vya watu na mbingu nyeupe, kwa sababu Juni huko saa tatu usiku bado kuna mwanga. Tangu Montreal wabebe mwaka 1993 hakuna timu ya Kanada iliyowahi kulirudisha kombe lile. Hapo hata mimi niliamini. Nilinunua bando kubwa kuliko lote nililowahi kununua.

Juni 25, saa tisa usiku. Florida wakafunga, dakika mbili baadaye tukasawazisha, Mattias Janmark. Kipindi cha pili Sam Reinhart akafunga la pili lao. Kipindi cha tatu chote tulishambulia, nasema tulishambulia, nimeshakuwa hivyo. Dakika za mwisho wakamtoa Skinner golini. Wakaacha goli wazi, halina mtu! Nikapiga kelele wanafanya nini hawa, kijana akanieleza ni kawaida, wanaongeza mshambuliaji wa sita, ukishakuwa unafungwa goli wazi halina hasara mpya. Paki ikaenda huku na huku, sikuiona. Nikaona wenye nguo nyekundu wanarusha magongo na glovu juu. Mbili moja.

Kisha wakatangaza mchezaji bora wa mtoano. Ni nadra apewe aliyefungwa, lakini walimpa McDavid. Jina likaitwa. Zulia limewekwa, meza imewekwa, kikombe chake kipo. Hakutokea. Watu wakasubiri, hakutokea, wakaendelea na mambo mengine.

"Yuko chumbani," kijana akasema.

"Mwache," nikasema.

Hakukata simu. Sikukata. Bando likaendelea kwenda na hakuna aliyesema neno, na ulikuwa ukimya tofauti na ule wa miaka mitatu. Bado giza nje. Saa kumi na mbili kasoro akasema anaamka mapema kazini, nikamwambia kalale, akasema, "Na wewe kapike mafuta yako." Mawese hayapikwi hivyo, lakini nilimwacha.

Mwaka uliofuata walifika fainali tena, na Florida tena, wakashindwa katika mechi ya sita. Sitaieleza. Nilikuwa kazini.

Ziwa lilifunguliwa katikati ya Agosti, na mwezi ulikuwa unaelekea kujaa, kwa hiyo siku za kwanza maboti yaliyotoka yalikuwa machache. Dagaa hafuati taa mbalamwezi ikiwaka. Giza liliporudi mwisho wa mwezi, kila aliyekuwa na ubao unaoelea aliingia majini. Jumamosi ya mwisho ya Agosti, saa tatu usiku, kwao mchana, nilimpigia mimi. Nikatoka mlangoni, nyumba yetu iko juu kidogo, ziwa lote linaonekana. Nikageuza simu. Nilitafuta kopo, nikalikosa, nikaishika kwa mikono miwili juu ya ukuta.

Alisema picha ni nyeusi. Nikamwambia subiri. Kisha akaziona taa za boti. Aliondoka na miaka tisa, alikuwa akija kwangu likizo kwa kibali, na jioni nilikuwa namkalisha pale pale mlangoni.

"Usiisogeze, ma'mdogo."

Akaanza kuzihesabu kwa Kiswahili. Alifika arobaini na moja, boti moja likapita mbele ya nyingine akachanganyikiwa, akaanza upya. Mikono ikaanza kuniuma. Bando likakatika akiwa kumi na sita.